Lulimba: Namba nne za patroni na daftari la karani

Katika Lulimba, mtu akisema "benki yangu niko nayo hapa", anapiga mkono kwenye mfuko wa suruali au kwenye fundo la kitenge. Ni simu. M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, miaka mitano baada ya kuanza Kenya, na leo pamoja na Airtel Money na Orange Money ndiyo sanduku la pesa la muuza ndagala, la mwalimu, la mchimbaji wa Misisi na la mama aliyekimbia kutoka milimani. Laini moja ina mifuko miwili, mmoja wa dola na mmoja wa franga, na yote miwili inafungwa na namba nne za siri. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 Januari 2025, kisha Bukavu Februari 2025, benki za miji ile zilifunga milango. Wafanyabiashara wa mtaa wa Fizi waliokuwa na akaunti huko walibaki na simu tu.

Kampuni za simu zinarudia kila siku: usimpe mtu namba yako ya siri, hata wakala, hata ndugu. Kila mtu anaitika ndiyo. Lakini hapa kijijini namba hizo zinakaa kichwani mwa watu wengi zaidi kuliko wenye laini. Patroni aliye safarini amemwachia karani. Mzee asiyejua kusoma amemwachia mjukuu. Mjane aliyefika na watoto na sufuria moja, bila kadi ya kura, anapokelea msaada wake kwenye laini ya mama aliyempa chumba. Si kwa ujinga. Ni kwa sababu bila mtu wa kuaminiwa, pesa haitoki.

Karani mmoja wa duka hapa Lulimba alikaa na laini ya patroni wake kwa wiki tisa. Ni msichana wa familia ya wahami, alimaliza ya sita ya sekondari akapata diploma yake ya serikali, na wazazi wake bado wanaishi katika nyumba ya familia iliyowapokea. Mwenye duka ni mjane, mama wa heshima katika kijiji. Wote wawili walikubali habari hii isemwe, kwa sharti kwamba majina, mahali pa duka na bidhaa zinazouzwa visitajwe.

Mama alikuwa mgonjwa. Waganga walimshauri avuke ziwa, akatibiwe Kigoma. Sasa laini ya Kongo ukiifikisha Tanzania inakula pesa nyingi, na ikipotea njiani kwenye mtumbwi, kuirudisha ni safari nyingine. Ndipo akaamua kununua laini ndogo ya kule na kuiacha ya Kongo kwa karani. Usiku wa mwisho alimwita, akamtajia namba nne kwa mdomo, akamkataza kuziandika popote. Alimpa kazi nne: kulipa bidhaa zinazokuja, kuwalipa vijana wawili wanaobeba mizigo, kutuma pesa za matibabu, na kutuma kiasi fulani kila mwezi kwa mtu mmoja ambaye jina lake lipo kwenye simu.

Karani alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba jambo ambalo mama hakulitegemea. Aliomba maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi, mama aweke sahihi, na shahidi mmoja pia.

"Mwanangu, unaniogopa?" mama akacheka.

"Hapana, Mama. Ninaogopa siku watu watakuja kuniuliza na Mama hayupo."

Wazo hilo alilipata kwenye AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wamama wengi wanakijua. Kule pesa inawekwa ndani ya kasha lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Anayelala na kasha nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Pesa inahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Hakuna anayemwambia mwenzake "huniamini", kwa sababu kufuli zimekuwepo tangu siku ya kwanza. Simu haina kufuli tatu. Mwenye namba nne ndiye kasha, funguo na mweka hazina, yote kwa pamoja, na pesa ikipotea hakuna mtu wa pili wa kuulizwa.

Karatasi iliandikwa, mistari saba, na mama mmoja wa kikundi kile akawa shahidi. Hawakujua kwamba walichoandika kina jina katika sheria ya Kongo tangu zamani sana. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado inafanya kazi, inasema juu ya mtu anayempa mwingine mamlaka ya kutenda kwa jina lake. Aliyepewa hapaswi kuvuka mipaka aliyowekewa, na lazima atoe hesabu ya alichofanya. Aliyetoa anaweza kuyarudisha mamlaka yake siku yoyote. Akifa, mamlaka yanakwisha. Hilo la mwisho watu wengi hapa hawalijui: mwenye laini akifariki asubuhi, karani hana ruhusa ya kugusa pesa mchana, hata kama anajua namba na hata kama ni kwa ajili ya sanduku la maiti. Kuanzia hapo mambo ni ya warithi.

Karani akaanza kazi. Jambo la kwanza aliloligundua halikuwa juu ya kiasi cha pesa. Ni kwamba ujumbe wa simu unasema mambo mengi kuliko mwenye simu mwenyewe. Ukisoma ujumbe wa mwezi mmoja tu unajua nani anadaiwa, nani alikopa akaapa kwamba hakukopa, mchungaji alisaidiwa nini, mtoto yupi amelipiwa shule na yupi bado. Pesa za matibabu zilipoanza kwenda Kigoma, yeye akawa mtu wa kwanza Lulimba kujua kwamba ugonjwa si ule ambao watu walikuwa wanausema sokoni. Na lile jina la kila mwezi, alipoliona, alielewa mara moja kwa nini mama halitaji mbele ya watu. Ni la nani, hakusema hata alipoulizwa kwa ajili ya habari hii. Mama naye alisema tu kwamba hakuna aibu ndani yake, lakini kuna moto.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya siri kuheshimiwa, pamoja na siri ya barua na mawasiliano yake. Sheria mpya ya mambo ya kidijitali, ile ya tarehe 13 Machi 2023, imeongeza kwamba habari za mtu zinachukuliwa kwa kazi inayojulikana, na kwa kawaida kwa ruhusa ya mwenyewe. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania wana sheria yao ya mwaka 2022 juu ya jambo hilohilo, na Kenya tangu 2019. Maneno mazuri. Lakini sheria hizi ukizisoma unaona ziliandikwa na watu wanaofikiria kampuni, mashine na ofisi zenye milango. Mlangoni mwa duka la Lulimba siri inaombwa na mtu unayepaswa kumpigia goti.

Wiki ya tatu alikuja shemeji wa mama, ndugu mkubwa wa marehemu mume wake. Ni mzee anayesikilizwa. Hakuja kwa ubaya. Alikuwa amesikia ugonjwa umezidi, na katika familia yeye ndiye ambaye angeulizwa kama mambo yangeharibika. Aliketi, akapewa maji, akauliza habari za wazazi wa msichana. Kisha akasema:

"Binti, fungua hiyo simu niangalie salio tu. Sitaki hata franga moja."

"Baba, unisamehe. Mama hakuniachia ruhusa ya kuonyesha."

"Mimi ni mgeni katika nyumba hii?"

"Hapana, Baba. Tumpigie Mama sasa hivi, akisema ndiyo, Baba utaona yote."

Walipiga. Simu ya Kigoma haikupatikana. Karani akatoa karatasi ya mistari saba na kumpa mzee asome. Aliisoma mara mbili, akairudisha, akainuka. Mlangoni akasema maneno ambayo msichana anayakumbuka yalivyo: mtoto wa wahami ametufungia mlango wa nyumba yetu.

Hapa mtu anaweza kusema mzee alikosea, na habari ingekuwa nyepesi. Lakini hofu yake ilikuwa na msingi. Duka ngapi zimeyeyuka mikononi mwa makarani patroni akiwa hospitalini? Watu wa Baraka, Fizi na Misisi wanaweza kuhesabu kwa vidole. Sheria ya jinai ya nchi, kwenye kifungu cha 95, inamwadhibu anayekula mali aliyokabidhiwa kwa kazi fulani, kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano na faini, na kifungu hicho hakikuandikwa bure. Tatizo la mzee ni kwamba aliomba kitu kisichoweza kumsaidia. Salio halionyeshi wizi. Leo linaweza kuwa kubwa kwa sababu bidhaa hazijalipwa, kesho dogo kwa sababu zimelipwa. Kinachoonyesha wizi au uaminifu ni daftari, mstari kwa mstari, na daftari hilo lina mtu mmoja wa kulisoma: mwenye pesa. Na kama mama angefariki, shemeji bado asingekuwa wa kwanza. Sheria ya familia inawaweka watoto mbele, wao wana robo tatu ya urithi, na anayesimamia mali ni mrithi mkubwa kwa umri au yule ambaye warithi wamemchagua.

Kuna sababu nyingine ya kutotaja salio, na kila mtu wa hapa anaijua bila kufundishwa. Kusema duka fulani lina dola ngapi ni kuwaonyesha wezi njia ya usiku. Maneno yanaanza kwa shemeji, yanafika kwa kijana wake, yanafika kwenye meza ya bia Misisi, na kutoka hapo hayana mwenyewe. Karani analala dukani kwenye mkeka, na watoto wawili wa mama chumba cha pili. Siri aliyoitunza ilikuwa pia shingo yake.

Baada ya ziara ile, maneno yakaanza. Kwamba karani amenunua kitenge kipya. Kwamba baba yake sasa anakula samaki wakubwa. Kitenge kilikuwa kweli kipya, alikinunua kwa mshahara wake. Lakini angejiteteaje? Kila jibu lenye nguvu lilikuwa ndani ya simu ambayo hakupaswa kuifungua. Ndiyo taabu ya kazi hii: anayetunza siri vizuri na anayeficha wizi, ukiwaangalia kutoka barabarani, wanafanana. Wote wawili wamenyamaza.

Siku mbaya kuliko zote ilikuja wiki ya sita. Kutoka Kigoma ulifika ujumbe kwamba mama ataingia kupasuliwa kesho yake na pesa inatakiwa leo. Njia yao ilikuwa hii: karani anatoa dola kwa wakala, anampa mfanyabiashara anayeenda Baraka, na huko mwenzake mwenye laini ya Tanzania anatuma Kigoma. Rezo ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Iliporudi saa nane, wakala wa karibu hakuwa na dola taslimu. Wa pili alikuwa na nusu. Gari la Baraka lilikuwa linapakia.

Shemeji alisikia, kama kila mtu anavyosikia kila kitu hapa. Alituma kijana na neno: yeye anazo dola mkononi, atazitoa sasa hivi, karani amwonyeshe tu salio ili ajue atarudishiwa. Msichana anasema alisimama na simu mkononi, dereva anapiga honi, na kwa mara ya kwanza alifikiri kwamba karatasi ile haina maana. Kama mama atafia mezani kwa sababu ya ujumbe mmoja ambao hakutaka kuuonyesha, nani atamwita mwaminifu?

Hakumwonyesha. Alichukua pikipiki kwa elfu kumi na tano za franga, akaenda kwa mawakala wengine wawili upande wa pili wa kijiji, akakusanya kidogokidogo, akalifuata gari likiwa limeshaanza kutembea. Pesa ilifika Kigoma usiku. Je, kama pikipiki isingekuwepo? Swali hilo hana jibu nalo, na haoni aibu kusema hivyo. Huenda angefungua simu.

Katika mbio zile alikutana na jambo ambalo watu hawaliongelei vya kutosha. Kila wakala ana daftari. Anaandika jina, namba ya simu, namba ya kadi, kiasi kilichotoka, na mteja anatia sahihi. Daftari liko wazi juu ya meza. Anayefuata kutoa pesa anaandika mstari wake chini ya mstari wako, na akitaka anasoma ukurasa mzima. Siku ile Lulimba ilijua karibu kiasi chote kilichotoka kwenye laini ya mama kwa kusoma daftari tatu, bila mtu yeyote kuvunja namba ya siri. Watu wanaogopa wezi wa mitambo walio mbali, na karatasi iko mbele ya macho yao. Kipande cha katoni cha kufunika mistari ya juu kingetosha, na hakina gharama.

Kwa wahami jambo hili ni zito zaidi. Orodha za majina zinabandikwa ukutani, na siku ya mgao mtu anaitwa kwa sauti, jina na idadi ya watu wa nyumbani kwake. Ukijua idadi ya watu na msaada wa kila mmoja, hesabu ni rahisi. Jioni wanafika wenye madeni, na wengine wasio na deni lolote. Mama aliyepokelea kwenye laini ya jirani yuko katika hali ya patroni yule wa Kigoma, isipokuwa yeye hana karatasi ya mistari saba na aliyeshika namba ndiye mwenye nyumba anamolala. Kugombana naye ni kulala nje. Anayetaka kusaidia hapa aanze na hilo: mhami aulizwe, peke yake na si mbele ya mwenye nyumba, pesa ipite wapi, na aliyepoteza kadi atafutiwe njia ya kuwa na laini kwa jina lake.

Mama alirudi wiki ya tisa, amekonda, anatembea polepole. Hakuomba simu kwanza, aliomba daftari. Alilisoma jioni tatu, na karani akiwa ameketi pembeni kwenye kiti kidogo. Kulikuwa na mstari mmoja usio na karatasi ya kuushuhudia: "pikipiki, 15 000". Mama akauliza. Akaelezwa. Akaandika pembeni kwa mkono wake "nimeona". Kuhusu shemeji alikwenda mwenyewe kumsalimu, na waliyoongea yamebaki kwao. Mzee hadi leo anapita mbele ya duka bila kuitika salamu ya msichana.

Jioni ya tatu, daftari lilipofungwa, mama alishika simu na kubadilisha namba ya siri hapohapo, karani akimwangalia. Hakusema kitu. Msichana alikwenda nyumbani akalia, na mama yake mzazi akamuuliza analia nini, kama ni pesa zimepungua. Zilikuwa hazijapungua. Alichukua siku nne hivi kukubali kwamba ndivyo inavyotakiwa, na kwamba usiku ule alilala vizuri kuliko usiku wowote wa zile wiki tisa.

Bado ni karani wa duka lile, na mshahara umeongezwa kidogo. Siku za pesa za msaada, wamama wazee wa kihami wanamwomba awasindikize kwa wakala kwa sababu anajua kusoma ujumbe. Anakubali. Anawaonyesha mahali pa kubonyeza, anawasomea kiasi kwa sauti ya chini sikioni, na ikifika zamu ya namba nne anawapa simu mkononi, hata wakichelewa, hata foleni ikinung'unika, kisha yeye anageuka na kuangalia barabara ya Fizi mpaka wamalize.